Dirisha la Basi la Usiku: Hotuba Kuhusu Hologramu na Matamasha Yetu

Hotuba hii ilitolewa Mbeya mbele ya waandaaji wa matamasha, mafundi wa sauti na taa, na viongozi wa kwaya. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa. Picha zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, viongozi wa kwaya, mapromota, na nyinyi mafundi mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango kama kawaida yenu: mwaghonile. Na mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa, Mafinga na Njombe: kamwene.

Swali lililotuleta hapa ni moja. Je, inakuja siku ambapo msanii hataletwa Mbeya, italetwa picha yake, isimame jukwaani iimbe, na watu walipe kiingilio? Kwa wenzetu wa mbali siku hiyo ilishafika zamani. Kwetu sisi jibu linategemea kioo, giza na upepo, na ndiyo maana nimewaomba mje na kalamu. Anayewauzia "mashine ya hologramu" kwa mamilioni hatawaambia hili la kwanza: ndani ya boksi lake hakuna hologramu.

Narudia, hakuna hologramu. Hologramu yenyewe ni kazi ya Dennis Gabor, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeibuni mwaka 1947 akiwa Uingereza, ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Hunasa mawimbi ya mwanga ya kitu kizima, hata ukisogeza kichwa unauona ubavu wake. Kale kapicha kanakobadilika rangi kwenye kadi ya benki ni ndugu yake mdogo. Jukwaani hakuna kitu cha namna hiyo.

Sasa jukwaani kuna nini? Nani hapa amewahi kusafiri usiku kutoka Dar? Karibu wote. Mkiwa Ruaha Mbuyuni, taa za ndani ya basi zikiwaka, ukitazama dirishani unamwona nani? Unajiona wewe mwenyewe, umekaa nje, unaelea kando ya barabara, na mibuyu inapita katikati ya kifua chako. Kondakta akizima taa, unatoweka. Kukipambazuka Kitonga, unatoweka vilevile. Ndugu zangu, hiyo ndiyo elimu yote. Kioo, upande mmoja mwanga, upande mwingine giza. Lililobaki ni vipimo.

Wa kwanza kulichuma jambo hili kwa tiketi alikuwa John Henry Pepper. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1862, katika ukumbi wa Royal Polytechnic jijini London, alitoa mzimu jukwaani mbele ya watu. Wazo lilikuwa la mhandisi Henry Dircks, Pepper akalirekebisha likawezekana kwenye ukumbi wa kawaida. Mwigizaji wa mzimu alikuwa shimoni, chini ya ukingo wa jukwaa, mbele ya taa kali. Kati ya watazamaji na jukwaa palikuwa na kioo kikubwa kimeinamishwa. Watazamaji walimwona mwigizaji wa juu akipambana na mzimu. Lakini yeye mwenyewe, yule wa juu, alikuwa akiuona? Hakuuona hata kidogo! Ilibidi ajue kwa mazoezi mahali pa kuuchoma upanga. Msisahau hilo, maana mpiga besi wenu naye hatamwona "msanii" aliyesimama hatua mbili kando yake.

Sasa vipimo. Leo mahali pa shimo skrini ya LED hulazwa sakafuni, uso juu, na mahali pa kioo hufungwa utando angavu wa plastiki uliovutwa ndani ya fremu. Utando huinama digrii 45. Ukingo wa juu unaelekea kwa watazamaji, ukingo wa chini umerudi nyuma ya jukwaa. Mtazamaji anatazama mbele, mtazamo wake unagonga utando na kushuka kwenye skrini. Lakini akili yake haijui kwamba umeshuka. Inaiona picha imesimama wima kule nyuma, palepale ukingo wa chini unapogusa sakafu.

Hapo yanatoka mambo matatu, na wengi hukosea mojawapo. Kina cha skrini, yaani kipimo chake kutoka mbele hadi nyuma, ndicho kimo cha msanii. Mtu wa mita 1.8 anadai kina cha mita 2, na akitaka kuruka na kuinua mikono, mita 3. Kina cha mita 3 kinadai fremu ipande mita 3 na utando uwe na urefu wa mita 4.24. Wachomeleaji mnaijua hesabu hiyo, ni ulalo wa mraba, 3 mara 1.41. Kwa hiyo ukumbi wenye dari ya mita 3 umeshakwama kabla hamjaagiza chochote, maana fremu inahitaji nafasi juu yake. La pili, kichwa cha picha kielekee kwa watazamaji, miguu ielekee kwenye utando. La tatu, picha igeuzwe kushoto-kulia kwenye kompyuta, kwa sababu kioo hugeuza. Ukisahau, mpiga gitaa anakuwa wa mkono wa kushoto na maandishi ya fulana yanasomeka kinyume. Kuna kijana mmoja ukumbini atakayeliona hilo kabla yako, na simu yake itakuwa imeshashikwa tayari.

Mtauliza, mbona tusitumie kioo cha dirisha, kipo tele Mwanjelwa? Kioo kina nyuso mbili, na kila uso unaakisi. Kikiwa kinene, milimita 10 tuseme, unapata waimbaji wawili, mmoja amemchungulia mwenzake begani. Utando ni mwembamba mno, taswira mbili zinalaliana zikawa moja. Tena kioo kirefu namna hiyo ni kizito na kikianguka ni msiba.

Sasa la mwanga, na hapa naomba tukae kidogo. Kioo kitupu kilichoinama hivyo kinarudisha karibu sehemu moja tu ya kumi ya mwanga wa skrini. Sehemu tisa zinapita zake. Maana yake, giza ndilo nusu ya mtambo. Taa ya kijani ya mlango wa dharura, skrini ya simu ya mtu wa mstari wa mbele, kofia nyeupe ya mpiga kinanda aliyekaa upande usiofaa, vyote vinaingia kwenye utando na watu wanaviona vikielea. Taa za bendi zitoke ubavuni na juu, nyuma ya utando. Hata moja isiupige utando kutoka mbele. Na ukingo wa jukwaa uwekwe ubao mweusi, ili mtu wa mstari wa mbele asiichungulie skrini iliyolala. Aliyekaa macho yake yako kwenye mita 1.2, aliyesimama mita 1.5 na kitu. Pimeni kwa aliyesimama, kwa sababu wimbo ukikolea hakuna atakayebaki amekaa. Wenye ukumbi wa ghorofa ndio wenye kazi: anayekaa juu anaiona skrini yenyewe, na uchawi umekwisha.

Kwenye picha, cheusi maana yake hakuna kitu. Anayerekodiwa anasimama mbele ya kitambaa cheusi tii, na popote palipo giza mwilini mwake pataonekana kama tundu. Suti nyeusi inageuka hewa, kichwa kinatembea chenyewe. Nywele zetu nyeusi zinapotea, na ngozi zetu zikipigwa taa ya mbele peke yake zinafifia. Dawa yake ni taa mbili kutoka nyuma, kushoto na kulia, zichore ukingo wa mwili kuanzia bega hadi kisigino, na taa za ubavu ziujaze mwili. Kwaya zenye joho la zambarau iliyokoza, chagueni jingine siku hiyo. Kamera isimame wima kwa kulazwa ubavu, isitikiswe, isivutwe karibu, na miguu isikatwe, maana mtu asiye na miguu hasimami sakafuni. Rekodini video ya fremu 50, yaani picha 50, kwa sekunde.

Ndugu zangu wa nyanda za juu, mpaka hapa nimesema ya vitabuni. Sasa ya kwetu.

Tamasha letu la kawaida liko uwanjani, linaanza saa nane mchana. Hapo hologramu haipo. Jua likiwaka hakuna skrini mtakayoinunua ikalishinda. Subirini hadi saa moja na nusu usiku. Halafu unakuja upepo. Nani wa Makambako hapa? Nyinyi ndio mtanielewa. Utando wa mita 6 kwa 4.24 ni kama mita za mraba 25, yaani tanga la jahazi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao kwenu mtauita wa kawaida, unalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 100 hadi 150. Hata fremu isipoanguka, utando ukitetemeka kidogo tu sura ya msanii inakunjamana kama inavyokunjamana majini. Kwa hiyo ni ndani ya ukumbi, au hamna. Kuta tatu za turubai hazitoshi.

Na utando haukunjwi. Mkunjo hautoki, utabaki kama kovu usoni mwa kila msanii mtakayemleta. Unaviringishwa kwenye bomba pana na unabebwa na watu wawili waliovaa glavu. Vumbi jekundu la kiangazi linavutwa na umeme tuli wa plastiki, na ukilifuta kwa kitambaa kikavu umeukwaruza utando kwa mchanga. Mwezi wa sita, Njombe na Makete, ukumbi ukijaa watu pumzi yao inaukuta utando wa baridi na unaloa umande. Ukumbi upashwe joto mapema, na utando ufungwe saa kadhaa kabla ili uzoee.

Umeme ukikatika, mwimbaji wa kawaida anaendelea na ngoma, watu wanapiga makofi. Picha inakufa katikati ya neno. Jenereta inaweza kushika ndani ya sekunde chache, lakini kompyuta iliyozimika itawachukua dakika nzima au zaidi kuamka, na dakika moja ya giza mbele ya watu waliolipa ni ndefu kuliko mahubiri. UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, iwekwe kwenye kompyuta, kwenye kifaa kinacholisha skrini na kwenye mikseri. Skrini yenyewe acheni isubiri jenereta.

Halafu mdomo na sauti. Kifaa cha skrini kinachelewesha picha fremu tatu hivi au nne. Kwa fremu 50 kwa sekunde hizo ni milisekunde 60 hadi 80, kwa hiyo sauti nayo icheleweshwe kiasi hichohicho kwenye mikseri, la sivyo watu watasema ni pleibeki mbovu. Mpiga ngoma avae kisikilizi chenye kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo. Mwimbaji aliye hai humsubiri mpiga ngoma aliyepotea. Picha haimsubiri mtu.

Hadithi ya pili. Aprili 15, 2012, tamasha la Coachella huko California, usiku, Dr. Dre na Snoop Dogg wako jukwaani. Anapanda Tupac Shakur, kifua wazi, anawasalimia watu na kulitaja tamasha kwa jina. Tupac aliuawa Septemba 1996. Coachella ilianza 1999. Hilo neno alilitamka lini? Hakulitamka. Ile haikuwa video ya zamani iliyosafishwa. Mwili ulitengenezwa kwenye kompyuta na kampuni ya Digital Domain, ukarushwa kwenye utando ulioinama, kwa hila ileile ya mzimu wa Pepper. Na aliimba nyimbo ngapi? Mbili! Baada ya hapo Snoop akaendelea na kazi. Kampuni ile, sina maana kwamba ni kwa sababu ya Tupac, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Septemba ya mwaka uleule.

Nyimbo mbili. Mkiona tangazo la saa mbili nzima za msanii wa picha, kuweni na wasiwasi. Macho huzoea haraka. Dakika mbili za kwanza watu wanapiga mayowe, ya tano wanarekodi, ya kumi wanatafuta soda. Kwa maoni yangu, kwa kumbi zetu onyesho moja la picha la dakika moja na nusu hadi nne, katikati ya shoo ya bendi iliyo hai, ndilo linalolipa.

Na sisi tungemtoa nani? Naona mmeshaanza kunong'ona, Mbaraka Mwinshehe. Sawa. Mbaraka alifariki kwa ajali Mombasa, Januari 1979. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Sauti ipo, santuri zipo, lakini mwili wake ukitembea, ukigeuka, ukishika gitaa, mtautoa wapi? Itabidi atafutwe mtu wa kimo chake acheze, kisha sura ijengwe kwenye kompyuta kutoka kwenye picha za mnato. Kila pembe isiyokuwa na picha ni ya kubuni. Mzee aliyemwona kwa macho yake atajua. Kwa msanii aliye hai leo ni rahisi mara mia: siku moja studio, kitambaa cheusi, taa nne.

Kuna wanaouliza, basi tumlete aliye hai moja kwa moja kwa intaneti, tuokoe zaidi ya kilomita 800 za kutoka Dar. Inawezekana kwa maneno. Narendra Modi alihutubia mikutano mingi kwa wakati mmoja namna hiyo katika uchaguzi wa India wa 2014. Kwa wimbo haiwezekani, kwa sababu mwimbaji wa Dar anaisikia bendi ya Mbeya ikiwa imechelewa, anajibu, na jibu lake nalo linachelewa. Salamu, ndiyo. Kolasi, hapana.

Sasa ABBA, lile kundi la muziki la Sweden, kwa sababu najua kuna mtu ana video yake kwenye simu. Mei 27, 2022, London mashariki, lilifunguliwa jengo la watu 3,000 lililojengwa kwa ajili ya onyesho hilo moja. Wanamuziki wanne, wazee sasa, walivaa suti za kunasia mwendo na kuimba kwa wiki tano mbele ya kamera 160. Vijana wa umbo lao la zamani wakatumika kuongeza wepesi. Gharama ilitajwa kuwa pauni milioni 140. Watu wanaiita hologramu. Hakuna utando pale, hakuna digrii 45. Ni skrini kubwa sana ya LED yenye nukta milioni 65, na taa za ukumbi zimeunganishwa na taa zilizo ndani ya picha hata jicho halioni mpaka uko wapi.

Lakini jambo ninalotaka mlishike halimo kwenye skrini. Pembeni ya skrini ile kuna wanamuziki 10. Wako hai, wanatoka jasho, wanapiga kila usiku. Walioweza kulipa milioni 140 hawakuthubutu kuiondoa bendi! Ngoma inayopigwa ukumbini unaisikia tumboni, na mpigaji ndiye anayewaambia watu kwamba jambo hili linatendeka sasa, si jana. Kwa hiyo mpiga ngoma wa Mwanjelwa anayeogopa kupoteza kazi, kazi yake inaongezeka. Tena atahitajika anayejua kupiga na kliki bila kuyumba, na wa namna hiyo hawajawa wengi. Anzeni mazoezi na kliki leo.

La mwisho ni la ruhusa, na nitalisema kwa watu wa Iringa kwanza. Mwaka 1898 Mkwawa, chifu wa Wahehe, alipojiua, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwake kulitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado fuvu halikufika Kalenga mpaka 1954. Miaka 56 watu walidai kitu gani? Walidai kwamba kichwa cha mtu si mali ya aliyekishika. Sura ya marehemu ni ileile. Mwigizaji Robin Williams, aliyefariki 2014, aliliona hilo akaacha maandishi yanayozuia sura yake kutumiwa kwa miaka 25, hadi 2039.

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hesabuni wenyewe wa 1979 anafika lini: 2029. Hivyo kwa wimbo mmoja mnaweza kuhitaji ruhusa za watu watatu, warithi wa mtunzi, mwenye rekodi, na familia kwa ajili ya sura. Nendeni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, mapema, na kwa familia nendeni na karatasi, si kwa simu. Andikeni ni wimbo gani, dakika ngapi, kumbi zipi, mara ngapi, picha itafutwa lini, na maneno yapi hayatatiwa mdomoni mwake. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalovunja undugu mtoto wa marehemu anapomsikia baba yake akinadi soda. Kwenye bango andikeni waziwazi kwamba ni picha. Mtu aliyelipia mtu akakuta kivuli hatarudi.

Wenye haraka ya kuanza, msinunue kitu bado. Kuna njia mbili za majaribio. Ya kwanza, neti nyembamba kama ya chandarua, iliyovutwa bila mkunjo, na projekta iwekwe juu sana, ili mwanga unaopenya uanguke sakafuni kwenye kitambaa cheusi badala ya ukuta wa nyuma. Ikiwekwa usawa wa neti, msanii anaonekana mara mbili, mara ya pili akiwa mkubwa ukutani.

Ya pili ni hii iliyoko kwenye kona pale, imefunikwa shuka. Televisheni ya inchi 43 imelazwa juu ya vipande vya mbao ipate hewa. Kioo cha dirisha cha milimita 4, sentimita 76 kwa 95, digrii 45. Pembeni na nyuma kitambaa cheusi. Kabla ya kukifunga kioo, mmoja akishike, mwingine atazame kutoka upande mrefu wa televisheni, kisha upande mfupi. Mwanga wa televisheni nyingi umepangwa mwelekeo mmoja, hivyo upande mmoja picha inaweza kung'aa na mwingine ikafifia vibaya. Watu hulaumu kioo bure. Mtaona pia kimstari cha pili kando ya mwimbaji. Ndio ule uso wa pili wa kioo niliowaambia.

Mlioko pembeni sogeeni katikati, kutoka huko mtamwona mwembamba kama bango lililotazamwa ubavuni. Mama mwenye kilemba cheupe, samahani sana, rudi nyuma mstari mmoja. Simu zote mfukoni. Aliye karibu na swichi, zima. Na ya mlangoni pia. Fundi, anzisha.